Kabla Hujashusha Giaboksi

Wenye Peugeot 504 pikapu, leo naanza na ninyi. Wengine vumilieni, chenu kinakuja.

Hiyo pikapu ilitoka mwaka 1979, na 504 ya gari dogo ilishinda Safari Rally mwaka 1975. Mpaka leo ziko vijijini kwetu zikibeba kabeji, viti vya mkutano wa injili, na majeneza yetu pia. Zikianza kusumbua gia, neno huwa ni moja: "Klachi imekwisha." Giaboksi inashushwa, pesa zinatafutwa.

Mwaka huu mama mmoja mjane aliambiwa hivyo. Pikapu aliachiwa na mumewe, ndiyo inayopeleka mboga sokoni, na pesa alizokuwa nazo zilikuwa karo ya mtoto wa kidato cha kwanza. Nilifanya kazi gereji kabla ya kwenda chuo cha Biblia, kwa hivyo nilimuuliza: inateleza, ama haiachii?

Hayo ni magonjwa mawili yaliyo kinyume. Klachi inayoteleza, injini inanguruma mlimani na gari haliongezi mwendo, kisha unasikia harufu ya kuungua. Kuipima, simama tambarare, mbele pasiwe na mtu, vuta handibreki sawasawa, tia gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, uachie klachi polepole. Injini ikizima, sahani inashika. Ikiendelea kunguruma gari limesimama, inateleza. Usirudie mara nyingi, utaichoma. Angalia pia kama raba ya kuzuia oili nyuma ya injini inavuja, maana sahani mpya ikilowa oili itateleza kama ile ya zamani. Na dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali anaimaliza mwenyewe. Dereva wa kwaya, unajijua.

Isiyoachia ni hivi: rivasi inalia, gia ya kwanza inakataa, lakini ukizima injini zote zinaingia vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mama. Ukanyagapo pedali, silinda ya juu inasukuma mafuta ya breki hadi silinda ndogo kando ya giaboksi. Nikamwomba apampu pedali mara nne upesi. Gia ikaingia! Hapo ujue kuna hewa ndani, au raba za silinda zimechoka. Nikaingia chini ya gari, nikafunua kifuniko cha vumbi cha silinda ndogo, na ndani kulikuwa na majimaji. Tuliweka raba mpya, tukatoa hewa, na giaboksi haikuguswa. Mtoto yuko shuleni.

Fundi wake simwiti mwizi. Mara nyingi sahani huwa ndiyo mbaya kweli, naye alijibu kwa mazoea. Sisi wachungaji tuna mazoea yetu. Eliya alipokimbia jangwani akaomba afe, malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Baadhi yetu tungekuwa pale, tungekuwa tumeshaanza kukemea. Mtu anakuja amechoka, hajalala siku tatu, anadaiwa kodi ya nyumba, nasi tunamwekea mikono kabla hajamaliza sentensi ya pili. Maombi naamini, na nitaomba nawe usiku kucha. Lakini kwanza niambie umekula lini.

Jambo moja zaidi kwa wenye magari: mlio ukitokea unapokanyaga klachi, shuku beringi ya klachi. Ukisikika gia ikiwa huru na kupotea ukikanyaga, shuku beringi za giaboksi. Hizo ndizo za kushusha.

Jumamosi nitakuwa uwanja wa kanisa kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo na pikapu yako na mtu wa kukukanyagia pedali. Usivae nguo za ibada.