Adui Aliyewaza Nilipowaza

Mwaka 1981 Mmarekani Chris Crawford alitunga mchezo wa vita kwa kompyuta ya Atari, akauita Eastern Front (1941). Mchezaji huongoza majeshi ya Ujerumani yaliyoivamia Urusi ya Kisovieti tarehe 22 Juni 1941, kompyuta huilinda. Sikuupenda upande huo, lakini mwingine haupo.

Mwanangu aliniwekea programu inayoiga mashine ile ya kale. Mimi ni mwalimu, na kwa miaka mingi nimewaasa wanafunzi wasikimbilie jibu. Basi niliketi mbele ya kioo kama mzee mbele ya bao, nikipima kila hatua kwa dakika nyingi. Nikashindwa mara tatu. Ndipo mwanangu alipocheka, akanieleza kwamba kompyuta haingojei zamu yake: muda wote mchezaji awazapo, nayo huwaza, ikiboresha mipango yake. Kumbe subira yangu ndiyo iliyomnoa adui!

Nikajaribu haraka. Tope la Oktoba lilinikuta njiani kuelekea Moscow, vikosi vimetawanyika, mahitaji hayafiki. Nikashindwa tena, ila upesi zaidi.

Juzi darasani mwanafunzi alikawia kunijibu. Nilimtazama, nisijue nimhimize au nimngoje.