Mnazi na Mgomba

Walimu wenzangu, yapo makosa ambayo mwalimu huyatenda kwa kutojua, na yapo ambayo huyatenda kwa kujiona anajua sana. Kosa ninalokusudia kulisimulia hapa ni la namna hii ya pili.

Nilipokuwa nikisomea stashahada ya ualimu, ushairi tulifundishwa kwa kufuata sheria alizoziandika Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954: vina, mizani, mishororo, beti na kituo. Nilizihifadhi kama mtoto wa madrasa ahifadhivyo sura. Nilipoanza kufundisha Kiswahili hapa Uganda, katika shule iliyozungukwa na migomba, nilizitumia sheria hizo kama mwenye duka atumiavyo mizani yake: utungo uliopungua niliurudisha.

Siku moja niliwaagiza wanafunzi wa kidato cha tano watunge shairi juu ya nchi yao. Binti mmoja akaandika habari za shamba la bibi yake baada ya mazishi. Vina havikuwamo, wala mizani. Nikaandika kwa wino mwekundu, "Hili si shairi," nikampa sifuri.

Majuma machache baadaye tulifika kwenye somo la kulinganisha washairi wa kisasa. Nilichagua wawili. Wa kwanza ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa toka mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", na ambaye tungo zake za gerezani zilichapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Wa pili ni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika ziwa hili hili letu, aliyetoa Kichomi mwaka 1974 na kufariki dunia mwaka 2020. Yule alishika arudhi za wahenga, huyu aliziacha. Nilikusudia kuwaonyesha wanafunzi nani mshairi na nani siye.

Nilianza na shairi la Abdilatif la mnazi, ambamo ndugu wawili wanajibizana: mmoja yu juu ya mti, mwingine yu chini, na kila mmoja anadai haki yake. Wanafunzi wangu hawakupata kuuona mnazi hata siku moja. Ilinibidi niuchore ubaoni, nieleze makuti, madafu na makumbi. Kisha nikawasomea "Mgomba" wa Kezilahabi, mti uliolala chini baada ya kukatwa. Nilipomaliza nikasema kwamba hiyo ni insha iliyokatwakatwa tu.

Yule binti akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "mnazi unaishi miaka mingi?" Nikamjibu kwamba huweza kuishi kuliko aliyeupanda. Akafikiri kidogo. "Basi ndiyo maana wanaugombania. Sisi hatuwezi kuugombania mgomba. Unazaa mkungu mmoja, unakatwa. Tunachotazama ni machipukizi yaliyo ubavuni."

Darasa lilinyamaza, na mimi nilinyamaza pamoja nalo. Kwa maneno machache mtoto huyu alikuwa amefanya ulinganisho ambao mimi, pamoja na maelezo yangu ya mizani, sikuufikia. Washairi wote wawili waliandika katika miaka ya kwanza baada ya uhuru, na wote wawili, kwa jinsi niwasomavyo, waliuliza habari za matunda yake. Lakini aliyelelewa pwani aliuona mti unaorithiwa, akauliza: ni wa nani, na mbona ndugu mmoja anakula peke yake? Wa ziwani aliuona mti unaozaa mara moja na kuanguka, nasi tukiusoma twajiuliza: kilichokuwa na nguvu jana kimebakiza nini leo?

Hata umbo la tungo lilinibainikia upya. Ugomvi wa ndugu ulihitaji majibizano ya beti zilizolingana, kila mmoja apate zamu yake, kama ilivyo desturi ya malumbano ya malenga. Tena naona kwamba mfungwa aliyenyang'anywa kila kitu alikuwa bado na urithi mmoja ambao askari hawakuweza kumpokonya, nao ni vina na mizani alivyokua akivisikia. Lakini mtu anayekitazama kitu kilichokwisha kuanguka, naye hana hakika na litakalofuata, pengine angesema uongo lau angelilifunga wazo lake kwa kina kilichokamilika.

Baada ya kipindi nilimwita binti yule. Nikamwambia kwamba nilikosea, nikamwomba alete daftari lake nilisahihishe shairi upya. Akainamisha kichwa. "Samahani, Mwalimu," akasema, "ule ukurasa niliuchana siku ile ile." Nikamsihi aliandike tena. Akajaribu, akaniletea beti nne zenye vina safi kabisa, zisizo na bibi wala shamba ndani yake.

Alama nilimpa, lakini lile shairi la kwanza halikurudi. Tangu siku hiyo siwafundishi wanafunzi mizani kabla hawajaniambia wameona nini katika shairi. Arudhi naendelea kuzifundisha, tena kwa bidii, kwa maana ni mali yetu. Ila wino mwekundu nauweka mezani mpaka nimesoma mara mbili.