Timbo la Mjomba

Masika yakikolea, timbo la kijijini kwetu lilijaa maji hadi ukingoni, na sisi watoto tuliacha kila kitu. Lilikuwa timbo la kuchonga mawe ya matumbawe, yale ambayo nyumba nyingi za Kisauni zimejengwa nayo. Mafundi walikata ardhi mraba kwa mraba kwa shoka na sururu, safu chini ya safu, hadi shimo likawa kama chumba kikubwa kisicho na paa. Mwenyewe alipoona mawe mazuri yamekwisha, akahamia kwingine na shimo likabaki wazi. Mvua ikaja ikalijaza.

Maji yale yalikuwa ya kijani kama jani changa la mgomba. Tulikuwa tunarudi nyuma hatua kumi, tunakimbia, tunajitupa. Hakuna aliyetuambia kwamba maji ya timbo si ndugu na bahari. Baharini unaingia kwa miguu yako, maji yanapanda kifundo, goti, kiuno, na ukiogopa unageuka. Timbo halina ufuo. Hatua moja umesimama juu ya jiwe kavu, ya pili huna chini. Kuta zimechongwa wima, mkono hauna pa kushika, na huko ndani kuna vidato na mawe yaliyoachwa nusu yamekatwa.

Mwaka 1979 kaka yangu alinaswa mguu kwenye kidato kimoja cha namna hiyo. Tuliona mkono wake ukipapasa juu ya maji, kisha hata mkono hatukuuona. Mchonga mawe mmoja aliyekuwa amejipumzisha chini ya mkorosho aliruka na nguo zake, akakaa chini muda ambao mpaka leo sijui kuupima, akaibuka naye. Kaka alitapika maji ya kijani. Mama hakumpiga. Alikaa naye barazani akimfuta kichwa kwa leso, akaendelea kumfuta hata kichwa kilipokuwa kimekauka kitambo. Miezi michache baadaye kaka na mwenzetu mmoja walianza kukojoa damu, na tukajifunza neno kichocho.

Mjomba, nduguye mama, alikuja jioni ya siku ile kaka aliponaswa, kumjulia hali. Alikuwa kibarua wa kupanda miti katika timbo la kiwanda cha saruji, Bamburi. Tulipomwamkia aliitikia marahaba bila kututazama, akakaa kimya, kisha akamwambia mama: "Dada, Jumapili nipe hawa watoto. Nataka waone timbo la aina nyingine."

Kabla ya kusema tulichokiona, niseme lile timbo lilikuwa nini. Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na saruji inataka chokaa. Ufuo ule wote umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyoota bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa. Mashine zikaula mwamba ule mwaka baada ya mwaka, zikaacha uwanda mweupe usio na udongo hata wa kujaza kikombe. Jua lilipiga chini likarudi juu. Chini kidogo tu ya sakafu ile ya jiwe kulikuwa na maji, lakini maji yenye chumvi. Ukimwonyesha mkulima yeyote mahali kama pale atakwambia uende zako.

Mwaka 1971 Mswisi mmoja, René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa kiwandani tangu 1959, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu: mnazi, damas inayotoka upande wa Somalia, na mvinje. Mnazi na mvinje ni miti ambayo kila mtoto wa pwani anaijua, imesimama kwenye mchanga wa chumvi tangu tuzaliwe. Mvinje una siri mizizini: vijidudu wanaoishi humo hunasa naitrojeni ya hewani wakaifanya chakula cha mti, ndiyo maana unaota pasipo na mbolea yoyote.

Hayo niliyasoma baadaye. Mjomba alinieleza kwa namna yake. Alisema kila mche ulitaka shimo, na shimo lilitaka mtaimbo. "Waupiga, nao wakurudia mkononi," alisema. Mwezi wa kwanza vidole vyake havikufunga. Mkewe alimfungia vifungo vya shati.

Jumapili ile tulitembea naye kwenye njia iliyopita kati ya mivinje mirefu kuliko minazi ya kwetu. Nilichokisikia kwanza ni upepo, ule mnong'ono wa mvinje ambao mtu wa pwani huufananisha na bahari. Chini tulikanyaga zulia la majani membamba, makavu, rangi ya kutu. Mjomba alichuchumaa akayafunua kwa mkono. Akatutolea jongoo, mweusi, mnene kama kidole chake cha gumba, miguu myekundu inayotembea kwa mawimbi.

"Huyu ndiye mfanyakazi," akasema.

Nilimcheka. Nilipokua nikajua kwamba hakuwa akituchezea. Majani ya mvinje yana ukakasi, ule ule unaotumika kutengenezea ngozi, na hayaozi upesi. Yalikuwa yakirundikana tu juu ya jiwe, na msitu usio na udongo mpya ungefia hapo hapo. Ikaonekana kwamba jongoo hawa huyala, na wakaletwa kwa maelfu. Jongoo hula, kinyesi chake huwa vidonge vidogo, na vidonge hivyo bakteria huviweza. Mjomba alitutilia vidonge hivyo kiganjani, vikavu, havinuki, kama mbegu za mchicha. Udongo wote wa pale umepita tumboni mwa jongoo.

Penye maji napo palifanyiwa kazi. Mabwawa yalichimbwa sakafuni, perege wakafugwa, mamba wakafugwa, viboko wakaletwa, na ndege wakajileta wenyewe. Mwaka 1984 mahali pale palifunguliwa kwa watu, na baadaye pakapewa jina la Haller Park. Mwaka 1987 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimwingiza Haller katika orodha yake ya heshima, Global 500. Wengi wanapajua kwa sababu ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi siku moja baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, akaletwa pale, akamng'ang'ania kobe mzee wa Shelisheli aitwaye Mzee kama mtoto anavyomng'ang'ania nyanyake. Ni kisa kizuri na sikichoki. Lakini kila nikisikia wageni wakiuliza kiboko yuko wapi, moyo wangu huwa kwa jongoo.

Mimi mwenyewe mazoea yangu ni ya asubuhi. Kuna njia za msituni zilizotengenezwa kwenye sehemu nyingine za timbo kwa ajili ya kutembea, kukimbia na kupanda baiskeli, na tangu nistaafu naziendea jua likiwa bado chini. Nimejifunza kusimama. Mwanzoni nilitembea kama mtu anayewahi feri ya Likoni, nikarudi nyumbani sijaona kitu. Ukisimama kimya kando ya bwawa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, bwawa linakusahau. Mnandi anatanua mbawa kuzianika. Kenge anateleza majini bila kutoa sauti. Asubuhi moja nilimwona mdiria, yule mweusi na mweupe, akining'inia hewani juu ya maji bila kusogea, kichwa kimetulia kama kimepigiliwa msumari huku mbawa zinatetemeka. Akajiangusha, akatoka na samaki wa urefu wa kidole, akampigapiga kwenye tawi mara nne, kulia, kushoto, kulia, kushoto, ndipo akammeza, kichwa kwanza.

Humo siogelei, wala hakuna anayeogelea; mamba na viboko wameshapata kauli yao. Nikitaka kuogelea navuka barabara ya Malindi nikaenda baharini, si mbali, nikaingia kwa miguu yangu hadi kiunoni. Wajukuu nimewafunza hivyo hivyo, na kila mmoja amesikia habari ya mguu wa babu yao mkubwa.

Lile timbo la kijijini halipo tena. Lilijazwa takataka miaka mingi, juu yake ukamwagwa mchanga mwekundu, sasa kuna nyumba za kupangisha. Lakini yako mengine kama lile, hayana uzio wala mteremko wa kutokea, na kila masika mtoto mmoja mahali fulani pwani hii anarudishwa kwao amefunikwa leso. Najua mchonga mawe hana fedha za kiwanda, wala hana miaka thelathini ya kungojea msitu. Lakini ukingo mmoja ukivunjwa ukawa mteremko, ni kazi ya siku mbili ya watu wanne wenye sururu. Hilo silioni kuwa kubwa mno kwa mtu aliyeuza mawe ya shimo zima.

Mjomba nilimpeleka Bamburi mara ya mwisho akiwa hawezi kutembea bila fimbo. Alitaka kuiona mivinje yake. Tulitafuta, yeye akihesabu hatua kutoka kwenye kona ya njia, hatukuiona. Mivinje mingi ya mwanzo ilikwisha kukatwa, ikawa nguzo na boriti, na kwenye nafasi zake ilipandwa miti ya asili, ile inayokua polepole. Mbele yetu ulisimama mbambakofi, shina lake viganja vyangu viwili haviwezi kulizunguka. Niliogopa kwamba amehuzunika. Nikaanza kumweleza, akaniinulia kiganja ninyamaze.

Akanipa fimbo. Akashuka polepole, goti moja kisha la pili, akafunua majani, akatia kidole cha shahada kwenye udongo mweusi akitafuta jiwe. Kikazama hadi fundo la kwanza, hadi la pili, hadi kiganja kikagusa chini. Akaninyoshea mkono wa pili nimwinue.

"Silipati," akasema.