Bolti iliyonivua nguo Gerezani

Msomaji wangu, kichwa cha habari kisikutishe. Gerezani ninayoisema si ile ya pingu na nyapara. Ni Gerezani ya Kariakoo, ya vyuma na mafundi. Nilikaa pale siku mbili nikitazama bolti moja ya springi ya nyuma ikinisema mbele za watu bila kufungua mdomo.

Ngoja nianze mwanzo. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yangu yalikuwa ya kukunja na kuweka mfukoni. Nikakaa kijiweni weee, mpaka mjomba akaniona. Ana pikapu ya zamani ya dizeli, umri wake unanizidi. Kazi yake ni kubeba samaki. Alfajiri tunapakia Feri, tunasambaza Buguruni, Tandika mpaka Mbagala. Mjomba akanifundisha kuendesha, nikapata leseni, akanikabidhi ufunguo. Na kila Jumamosi akawa ananipa hela pembeni: "Hii ya kupiga grisi, mwanangu. Usiichanganye na chakula."

Mjomba alikuwa na sababu. Springi za gari lile zimeshikwa na bolti nene zenye tundu katikati, na kichwani kuna nipo. Unachomeka pampu, unabinya, grisi inapita ndani ya bolti na kutokea kwenye bushi. Gari lolote la namna hiyo likikosa grisi lazima litakulilia, ila la samaki ni noma zaidi. Barafu ikiyeyuka, maji ya chumvi yanachuruzika kupitia matundu ya bodi na kutua palepale kwenye springi. Hapo kutu haihitaji mwaliko.

Mwezi wa kwanza nilipiga grisi vizuri tu. Halafu nikampata binti mmoja wa Temeke, nisimtaje jina. Jumapili zikawa za Coco Beach, mishikaki na soda baridi, na mimi sikutaka kuonekana nimechacha. Mshiko wa grisi ukahamia huko. Nikawa nachota grisi kidogo kwa kidole, naipaka kwenye nipo kwa nje, ili mjomba akiinama aone inang'aa. Nilizuga hivyo miezi minane.

Asubuhi moja tukiwa Mbagala, gurudumu la kushoto likatumbukia shimoni. Kaa! Jani kuu la springi likakatika, gari likalala upande kama mlevi. Samaki wakahamishiwa kwenye gari la watu kwa bei ya kuumiza, sisi tukajikokota hadi Gerezani.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, maneno machache. Aliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akanyanyua nyuma kwa jeki, akakalisha chesisi juu ya magogo. Kisha akaweka jeki ya pili chini ya difu. "Difu ikining'inia, bolti inabeba uzito," alisema. "Haitoki hata uiombee dua."

Zile za nyuma zilibisha kidogo zikatoka. Ikabaki ya mbele, upande wa kushoto. Nati ilifunguka, bolti yenyewe ikagoma. Fundi akairudisha nati mpaka iwe sawasawa na ncha ya bolti, ili nyundo isiharibu nyuzi, akashusha nyundo. Ikalia ngaa! Haikusogea hata unywele. Akaagiza pampu ya grisi, akabinya. Grisi ikakataa kuingia, ikamrudia mkononi.

Akaifuta nipo kwa kitambaa. Akachokonoa kwa sindano, likatoka tope kavu lenye chumvi. Akaniangalia.

"Dogo, hii imepigwa grisi lini mara ya mwisho?"

Kabla sijafungua mdomo, mjomba aliyekuwa amekaa juu ya kreti la soda akajibu: "Kila Jumamosi. Kijana wangu hakosi."

Msomaji, afadhali angenizaba kofi.

Fundi alinyamaza kidogo. "Basi ni chumvi ya samaki," akasema, akarudi chini ya gari. Alinifichia siri ambayo sikumwomba anifichie.

Jioni ile akaimwagia bolti mafuta ya kulegeza kutu, akasema ilale nayo. Mimi sikulala. Nilimsikia mjomba chumbani akimweleza mkewe kwamba mteja mmoja wa Tandika ameshapata gari jingine. Wakawa wanahesabu hela ya ada ya mtoto.

Siku ya pili likaja suala la gesi. Fundi aliondoa kwanza bomba la breki lililopita karibu, akafunika upande wa tanki kwa bati na gunia lililoloa, akaweka ndoo ya maji na mchanga. Moto hakuuelekeza kwenye bolti, aliuelekeza kwenye chuma kinachoizunguka. Akamweleza spana boi wake kwamba cha nje kikipata joto kinatanuka na kukiachia cha ndani. Mpira wa bushi ukafuka moshi mweusi, tukakohoa wote. Nyundo tena. Ikasogea kiasi cha ukucha, ikasimama.

"Tukate," fundi akasema. Grenda haikuweza kupenya pale, hivyo ukaja msumeno wa chuma. Unakatwa upande huu na ule, katikati ya jicho la springi na chuma kinacholishika. Akanipa mimi. "Shika wewe."

Nilikata karibu saa mbili, mgongo kwenye vumbi, unga wa chuma ukiniingia shingoni. Visu vitatu vya msumeno vilivunjika. Nikiwa chini kule nikasikia sauti ya mjomba akiwaambia wapita njia: "Mnamwona? Vijana wa siku hizi hawataki kuchafuka, lakini huyu wangu anajituma." Halafu mkono wake ukaingia chini ya gari na chupa ya maji. "Kunywa mwanangu, pumzika kidogo."

Ile chupa sikuipokea. Nikatambaa nje.

"Mjomba, grisi sikupiga. Hela nilikula. Nilikuwa napaka kwa nje."

Gereji nzima ikawa kimya, au mimi ndiye niliyeziba masikio. Mjomba aliiweka chupa chini taratibu.

"Miezi mingapi?"

"Minane."

Hakunitukana. Alisema tu: "Maliza kukata."

Nikamaliza. Springi iliposhuka na kipande cha bolti kikang'olewa, mjomba alikiokota, akachungulia lile tundu la grisi. Limeziba kabisa. Akakitia mfukoni mwa koti.

Bolti mpya zilipakwa grisi kabla ya kuingia. Nati hazikukazwa mpaka mwisho gari likiwa juu. Fundi alilishusha kwanza likae kwa uzito wake, ndipo akazikaza, ili bushi isijikunje. Mjomba alilipa, akanyoosha mkono, nikampa ufunguo.

Miezi mitatu nilikuwa utingo, nabeba barafu na makreti, mjomba anaendesha. Hela ya gereji nilikatwa kidogo kidogo. Tulisalimiana tu: shikamoo mjomba, marahaba, basi. Yule binti nilipomsimulia alicheka, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia sina kitu, mbona mihogo ya Coco ingemtosha. Sikuwa na jibu.

Sasa ufunguo ninao tena. Alinirudishia alfajiri moja pale Feri, bila hotuba, kwa sababu goti lilikuwa linamuuma. Lakini kila Jumamosi anakuja kusimama nyuma ya gari, mikono mgongoni. Mimi nabinya pampu mpaka grisi ya zamani, ile nyeusi, itoke pande zote mbili na mpya ionekane. Anaangalia, anatikisa kichwa, anaondoka.

Kile kipande cha bolti amekiweka juu ya dashibodi, upande wa dereva. Nikipita kwenye matuta ya Mbagala kinacheza pale mbele ya macho yangu. Hajaniambia nikitoe, na mimi sijathubutu kumwomba.