Vitabu Nilivyosoma Muhula Huu

Muhula huu nimejaliwa kusoma vitabu vinne mbali na vile vya darasani. Mzee wangu nyumbani huuliza hadithi zina faida gani kwa mwanafunzi ambaye mtihani wake u karibu. Kwa kuwa jarida letu hufika mikononi mwa wazazi, nitamjibu hapa kwa heshima zote.

Cha kwanza ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Karama ameshtakiwa katika nchi iliyo angani kwa sababu ya kufundisha sheria. Hajibu kwa matusi. Huwaeleza wakubwa habari za wajumbe sita waliokwenda mbali kutafuta maarifa, wakarudi wakaambulia mateso. Lugha yake ni nzito, na kurasa nyingine nilizisoma mara mbili, lakini niliona jinsi hoja ya upole ilivyo na nguvu.

Cha pili ni cha upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Muhammed Said Abdulla. Bwana Msa huvuta kiko chake akafikiri, wala hana haraka. Kilinipendeza, maana sisi wa Katavi tumekua tukisikia habari za mzimu wa Ziwa Katavi. Kuheshimu mambo ya wazee hakumzuii mtu kuuliza maswali.

Cha tatu ni mchezo wa Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwishoni Kinjeketile anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Je, alifanya vema? Tulibishana bwenini mpaka taa zikazimwa, na hatukupatana.

Cha mwisho ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Ida Hadjivayanis amekifasiri kwa Kiswahili. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Anafuatana na tajiri Aziz, akimdhani kuwa ni jamaa yao, kumbe baba yake amemtoa kwa ajili ya deni.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mwenzangu wa dawati moja hakurudi baada ya likizo. Baba yake anadaiwa, na kijana amepelekwa kuchunga ng'ombe wa mdai mpaka deni liishe. Sote tulisema tu kwamba ameacha shule. Sasa najua neno lake: amewekwa rehani.

Hiyo ndiyo faida, Mzee wangu. Mwalimu wa maktaba ameniruhusu kumpelekea mwenzangu kitabu hicho Jumamosi hii. Nanyi wazazi wetu, mkikutana barazani, nawaomba mlizungumze jambo la deni lile na wenyewe wanaohusika. Nafasi yake darasani ingali wazi.