Maji ya Korongo la Turkwel

Mkaaji wa Kalobeyei huujua mto kwa mchanga wake. Mvua ikinyesha, maji hupita kwa kishindo. Yakiisha, watu hurudi kuchimba visima mchangani. Ndiyo sababu tulipanda motokaa, tukapita Kakuma, Lodwar na Lokichar hata Kainuk, ili tuyaone maji mengi kwa macho yetu.

Karibu na Kainuk nyanda zaisha, na milima ya Wapokot yasimama kama boma. Mto Turkwel, ambao huko juu Mlima Elgon huitwa Suam, umeupasua mwamba hapo ukatoka katika korongo jembamba. Katikati ya kuta hizo mbili za Mungu wanadamu wamejenga yao ya tatu, ya saruji, iliyopindwa kama upinde, kimo chake mita 153. Ilimalizika mwaka 1991. Atazamiaye maporomoko yenye povu na ngurumo hayaoni. Maji huteremshwa ndani ya mwamba, katika njia iliyochimbwa, yakazungushe mitambo ya umeme. Juu lipo ziwa limetulia tuli. Kwangu mimi kimya kile kilitisha kuliko kishindo.

Maji yakisha kutoka mitamboni hushuka hata Lodwar, yakinywesha mbuzi, ngamia na mikoma ya kandokando, kisha huingia Ziwa Turkana. Mzee wa Kiturkana tuliyefuatana naye alitazama sana, akauliza kama yule afunguaye mlango wa maji amepata kuchunga ngamia wakati wa kiangazi. Hakuna aliyemjibu. Dereva akasema jua linakuchwa, tukaondoka.