Mzee, mkewe na behewa lisilo na mrithi

Tangazo la kuuza lilikuwa limekwisha andikwa. Bibi alilificha kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya kufutia vyombo, akisubiri mumewe apate nafuu ndipo amwambie. Miezi minane ikapita.

Kilichokuwa kinauzwa si gari wala nyumba. Ni behewa la treni lenye urefu wa mita 26 hivi, vyumba vinne vya kulala, jiko, bafu na sebule yenye madirisha makubwa. Mzee huyo, mkazi wa kitongoji kimoja cha Chicago nchini Marekani, alilinunua likiwa chakavu zaidi ya miaka 30 iliyopita. Akalikarabati kwa fedha zake na kwa mikono yake mwenyewe, mpaka vitasa vya milango vikang'aa.

Wa kwanza kuliona tangazo lile alikuwa mhudumu wa mgonjwa, dada wa Kitanzania mzaliwa wa Tabora. Aliajiriwa na familia hiyo baada ya mzee kupata kiharusi kilichompooza upande wa kulia na kumwachia maneno machache tu ya kuzungumza. Alikuwa anatafuta kitambaa. Alisoma mistari miwili, akarudisha karatasi ilipokuwa, akanyamaza.

Mtu anaweza kujiuliza, mtu binafsi anamilikije behewa? Marekani jambo hilo ni la kawaida kwa wachache wanaolimudu. Mwenye behewa hana injini wala reli. Analipeleka stesheni, linafungwa nyuma ya treni ya abiria ya shirika la Amtrak, naye analipa kwa kila maili linayovutwa. Kabla ya hapo, fundi anayetambulika lazima alikague kila mwaka: breki, magurudumu, umeme na vinginevyo. Kuna kodi ya mahali pa kuliegesha na kuna bima. Mwaka 2018 Amtrak ilipunguza safari na vituo ambako mabehewa ya watu binafsi yanaweza kuunganishwa, na wamiliki wengi wakabaki na mabehewa yanayokula fedha yakiwa yamesimama.

Bibi ndiye aliyekuwa anaandika hesabu hizo zote kwenye daftari. Alijua ni kiasi gani cha akiba yao ya uzeeni kilikwisha kwenda kwenye chuma kile. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mumewe kwamba amechoka.

Mjukuu wa mhudumu wa behewa

Dada yule naye alikuwa na lake moyoni. Babu yake alifanya kazi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akiwa mhudumu wa behewa la daraja la kwanza katika reli ya kati. Alitandika vitanda vya abiria kati ya Dar es Salaam na Kigoma, akawapelekea chai alfajiri, na yeye akalala kwa kujikunja kwenye kiti. Pale Tabora watoto walimsikia akisema kwamba behewa ni zuri sana, ila uzuri wake aliujua kwa kuufagia.

Siku moja alimsimulia mzee habari hizo. Mzee akamwonyesha kwa mkono wa kushoto kitabu kwenye rafu. Ndani yake mlikuwa na picha za wahudumu weusi wa mabehewa ya kampuni ya Pullman, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1867. Wengi wa wahudumu wa mwanzo walikuwa watu waliotoka utumwani. Walifanya kazi saa nyingi kwa ujira mdogo, wakitegemea bahashishi, na abiria wengi waliwaita wote kwa jina moja, George, jina la tajiri mwenye kampuni. Mwaka 1925 waliunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, na wakapambana hadi mwaka 1937 ndipo kampuni ikatia saini mkataba nao.

Dada alizitazama picha zile kwa muda mrefu. Kuanzia siku hiyo mzee alikuwa akimwona tu anatamka neno moja: "Tabora." Lilikuwa miongoni mwa maneno machache yaliyotoka vizuri.

Neno jingine lililotoka vizuri lilikuwa "treni".

Watoto wao wawili walikuwa wakubwa na wanaishi mbali. Walipozungumza na mama yao kwa simu walisema vilevile: liuzwe, na safari zisahaulike. Mgonjwa wa kiharusi treni ya nini? Mzee alikuwa anasikia yote. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno, si akili, na hilo ndilo ndugu wengi wa wagonjwa wa namna hii husahau. Humzungumzia mgonjwa mbele yake kana kwamba hayupo.

Ndipo dada akashauri aulizwe daktari badala ya kubishana. Daktari aliangalia presha yake, ambayo ilikuwa imetulia kwa miezi kadhaa, akaangalia dawa zake, akaruhusu safari moja fupi isiyopita milimani juu. Masharti yalikuwa ya kawaida: dawa kwa saa zake, presha ipimwe asubuhi na jioni, maji ya kutosha, chumvi kidogo, na miguu ichezeshwe mara kwa mara kwa kuwa kukaa muda mrefu bila kujongea kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa.

Ilichaguliwa njia ya Chicago hadi New Orleans, karibu maili 930, safari ya usiku mmoja na nusu ya siku.

Usiku mmoja njiani

Shida ya kwanza ilikuwa kumpandisha. Mabehewa ya zamani yana ngazi za kusimama wima, na ujia wake ni mwembamba hivi kwamba kiti cha magurudumu hakipiti. Mzee alihamishiwa kwenye kiti chembamba cha kubebea wagonjwa, wanaume wawili wakamwingiza, jasho likiwatoka. Alikuwa anacheka. Alinyoosha kidole kwenye picha iliyotundikwa sebuleni, ya Rais Franklin Roosevelt.

Dada alikuwa ameshaeleweshwa habari za picha ile. Roosevelt alipooza miguu mwaka 1921, na alipokuwa rais alisafiri sana kwa treni. Behewa lake, lililoitwa Ferdinand Magellan, lilivikwa mabati mazito na vioo visivyopenya risasi mwaka 1942, likawekewa na lifti ya kumpandishia na kumteremshia. Alipenda treni iende polepole, kwa sababu mtu asiye na nguvu miguuni hawezi kujizuia linapoyumba. Behewa hilo leo limo katika jumba la makumbusho ya reli huko Miami, Florida.

Treni iliondoka Chicago usiku. Rafiki wa familia, mstaafu, alipika supu na kuku. Mzee alipewa dawa, akapimwa presha, akalala. Dada alionyeshwa chumba chake, chenye kitanda kilichokwisha tandikwa mashuka meupe. Alikaa pembeni ya kitanda kile asijue acheke au alie, maana alimkumbuka babu yake aliyelala kwenye kiti.

Usingizi haukuja. Saa nane usiku alimkuta bibi sebuleni, daftari la hesabu mapajani.

"Mwanangu, uliliona tangazo," bibi alisema. Hakuwa anauliza.

"Nililiona, mama."

"Nikimwambia, nitamuua."

"Mama, presha yake inapanda anapofichwa jambo. Anakuona unavyohangaika. Mwambie akiwa humuhumu ndani, kesho asubuhi. Mimi nitakuwepo na mashine yangu."

Asubuhi, walipokwisha pita Memphis na mashamba tambarare ya Mississippi yakiwa dirishani, bibi alikaa karibu na mumewe, akamshika mkono usio na nguvu. Akamwambia yote: fedha zilizobaki, watoto wasiotaka kurithi, uchovu aliouficha, tangazo kwenye droo. Alisema huku akilia.

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Alipapasa mbao za dirisha kwa mkono wake wa kushoto, mbao alizozipiga msasa mwenyewe. Midomo yake ilihangaika kutafuta neno. Mwisho likatoka.

"Lini?"

Bibi alidhani hakusikia vizuri. Mzee akarudia, kisha akaonyesha kabati la ukutani. Ndani ya kabati, katikati ya vitabu vya matengenezo, mlikuwa na barua ya jumba la makumbusho ya reli lililoomba kupewa behewa hilo. Ilikuwa imeandikwa mwaka mmoja kabla ya kiharusi. Naye alikuwa ameificha, kwa kuogopa kumvunja moyo mkewe, aliyeamini kuwa analipenda behewa kuliko yeye.

Walifika New Orleans mchana, wote watatu wamechoka. Presha ya mzee ilikuwa ya kawaida.

Behewa lilikabidhiwa miezi michache baadaye. Halikuingiza fedha, ila kodi ya maegesho na bima vilikoma, na bibi akafunga daftari. Mzee anaendelea na mazoezi, na maneno yameongezeka kidogo.

Kwetu si wengi wenye behewa. Lakini lipo pagale lililoanzwa kujengwa miaka kumi iliyopita, lipo lori bovu nyuma ya nyumba, lipo shamba la mbali ambalo hakuna mtoto anayelitaka. Baba anavumilia kwa kudhani mama analipenda, mama anavumilia kwa kudhani baba atavunjika moyo, na fedha ya dawa inaishia huko. Wanandoa wasingoje kiharusi ndipo waulizane. Na mgonjwa asiyeweza kuzungumza vizuri aulizwe vilevile, kisha asubiriwe mpaka neno lake litoke.